Maswali Yenu ya Sola: Seli za Matabaka Mawili

Tangu habari za paneli za sola za matabaka mawili, yaani zenye vitu viwili tofauti vya kunasia jua vilivyopandana, zianze kuzagaa pwani, barua zimetufikia kutoka Amu (Lamu), Faza, Mokowe, Matondoni na Malindi. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Jibu la kwanza limekuwa refu kwa sababu mengine yote yanaliegemea.

Ningoje au ninunue?

Asalaam aleikum wahariri. Nyumba yangu iko Langoni, Mji wa Kale wa Amu. Sehemu ya dari inayopata jua ni mita 3 kwa mita 2.5 tu, kwingine kote kuna kivuli cha ukuta wa jirani. Nasikia zimetoka paneli za matabaka mawili zenye ufanisi wa asilimia 34. Ningoje hizo au ninunue za kawaida? (Msomaji, Langoni)

Waaleikum salaam. Ufanisi ni sehemu ya nguvu ya jua inayogeuka umeme. Hiyo 34 ni ya kweli, ila si ya paneli. Juni 2024 kampuni ya LONGi ya Uchina ilitangaza seli ya perovskaiti (aina ya fuwele inayonasa mwanga) iliyowekwa juu ya silikoni (ile inayotumika kwenye paneli za kawaida) yenye ufanisi wa asilimia 34.6, na Aprili 2025 ikaifikisha 34.85. Hicho ni kipande cha maabara chenye eneo la sentimita moja ya mraba hivi. Kutoka kipande hicho hadi paneli nzima kuna hasara njiani: mapengo kati ya seli na seli, fremu, nyaya za juu zinazotia kivuli, na ugumu wa kutandaza tabaka jembamba sana likawa sawa eneo lote. Paneli za kwanza za aina hii kuuzwa kwa mteja zilitoka kwa Oxford PV, yenye kiwanda Brandenburg nchini Ujerumani, Septemba 2024, zikaenda Marekani kwenye mradi mkubwa wa umeme. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 24.5. Paneli nzuri ya silikoni tupu unayoweza kununua leo ina 21 hadi 23.

Sasa tuipime dari yako. Paneli ya nyumbani iliyoenea sana madukani ina urefu wa milimita 1,722 na upana wa milimita 1,134, yaani mita za mraba 1.95. Kwenye nafasi yako zinaingia tatu: mbili zikisimama sambamba na ya tatu ikilala ubavuni mwao. Kwa ufanisi wa asilimia 22 kila moja ni wati 430, jumla 1,290. Kwa asilimia 24.5 ingekuwa wati 478 kila moja, jumla 1,434. Tofauti ni wati 144. Ukihesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, ongezeko ni kama yuniti 0.7 kabla ya hasara za nyaya na betri. Si haba, inaendesha friji ndogo, lakini si muujiza wa kumfanya mtu akae gizani akingoja.

Kwa nini basi maabara zinakimbilia matabaka? Kwa sababu silikoni peke yake inakaribia ukingoni. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi huja na nguvu yake. Ili elektroni moja, yaani chembe ya umeme, ing'oke ndani ya silikoni na kuingia kwenye mzunguko, panahitajika nguvu ya elektroni-volti 1.12 (hicho ni kipimo cha nguvu za chembe). Mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 unaleta elektroni-volti 2.75, lakini silikoni inafaidi ile 1.12 tu na zilizobaki zinageuka joto. Upande wa pili, mwanga wa infraredi, usioonekana kwa jicho, uliopita nanomita 1,100 hauna nguvu ya kutosha, kwa hiyo unapenya bila kufanya kazi. Buluu inapotezwa kwa kuzidi, infraredi kwa kupungua. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walipiga hesabu ya hasara hizi na kuonyesha kwamba seli ya kitu kimoja, hata ikitengenezwa bila kasoro, ina kikomo. Kwa hesabu za leo kikomo hicho ni asilimia 33 na kitu. Kwa silikoni yenyewe kikomo kinachokubalika ni 29.4, na maabara zimekwisha kuvuka 27. Kilichobaki cha kugombania ni kidogo.

Matabaka yanakwepa kikomo hicho kama mvuvi anayetanguliza jarife la macho makubwa na nyuma yake wavu wa macho madogo: papa wanabaki mbele, samaki wadogo wanapita na kunaswa nyuma. Tabaka la juu huwa la perovskaiti iliyopikwa idai elektroni-volti 1.68 hivi. Linachukua mwanga wote kuanzia urujuanimno hadi mwekundu wa nanomita 740, na kwa sababu linadai zaidi, linalipa zaidi: karibu volti 1.2 kwa kila seli. Mwekundu uliokolea na infraredi vinapita hadi kwenye silikoni, nayo inatoa volti zake 0.7 kama kawaida. Jumla ni kama volti 1.9 mahali pale pale palipokuwa pakitoa 0.7. Kikomo cha nadharia kwa matabaka mawili kinapanda hadi kama asilimia 45.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nunua za kawaida sasa. Pesa za ziada zipeleke kwenye betri ya lithiamu-chuma-fosfeti na nyaya nene. Ila fremu ya chuma au alumini ya darini ijenge kwa vipimo vya 1,722 kwa 1,134 vilivyo vya kawaida, ili siku paneli bora zikifika bei ya kununulika ubadilishe paneli bila kubomoa msingi.

Kwa nini nisibandike paneli mbili?

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Malindi. Kama matabaka mawili ni bora, kwa nini nisichukue paneli mbili za zamani nikazipandanisha? Na je, likitangulia la silikoni juu na perovskaiti chini inakuwaje? (Mwanafunzi, Malindi)

Marahaba mwanetu. Paneli mbili za silikoni zikipandana, ya juu inakula karibu mwanga wote ambao silikoni inauweza, na ya chini inabaki na ule ambao silikoni haiuwezi. Isitoshe, paneli nyingi zina karatasi nyeupe au nyeusi mgongoni isiyopitisha mwanga. Faida ni sifuri. Ukiigeuza seli, silikoni ikae juu, hasara ni ile ile: silikoni inakula buluu, kijani na nyekundu pamoja na infraredi, ikilipa volti 0.7 kwa zote, na perovskaiti chini inakaa na njaa. Lazima kinachodai nguvu nyingi kiwe juu.

Unaweza kuliona hili kwa macho yako bila maabara. Tafuta vitu vitatu: kipaneli cha silikoni cha wati 5 au 10, kikokotoo kibovu cha sola (ile seli yake ya rangi ya kahawia ni silikoni isiyo na fuwele, inayodai karibu elektroni-volti 1.7, kwa hiyo inafanana kitabia na tabaka la juu), na karatasi za selofeni za rangi nyekundu na buluu zinazofungiwa zawadi. Kisha mita ya kupimia umeme.

Saa sita mchana, anga likiwa wazi, elekeza kipaneli juani na upime ampia zake za shoti: waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, mweusi kwenye COM, ncha ziguse waya mbili za kipaneli moja kwa moja. Kipaneli kidogo hakidhuriki kwa shoti. Andika namba. Funika kwa selofeni nyekundu, andika. Kwa buluu, andika. Halafu weka zote mbili pamoja, ziongeze kunja mbili tatu mpaka jicho lako lione giza karibu tupu. Rudia yote kwa seli ya kikokotoo, safari hii kwenye kipimo cha miliampia.

Utaona kwamba chini ya karatasi zilizopandana, seli ya kikokotoo inazimika karibu kabisa, lakini kipaneli cha silikoni kinaendelea kutoa ampia za kuonekana. Selofeni imezuia rangi ambazo jicho linaziona na kuachia infraredi ipite. Huo mkondo uliobaki ndio chakula cha tabaka la chini. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Mita nyingi za shule zimeungua kwa mtu kusahau waya kwenye 10A halafu akagusa betri.

Tabaka dhaifu linavuta lote?

Ndugu mafundi, nafunga sola Mokowe na Hindi. Nimesoma kwamba matabaka yameunganishwa mfululizo, moja baada ya jingine. Ninavyojua mimi, kwenye mfululizo dhaifu ndiye anayetawala. Wao wanakwepaje? Pili, nina mteja mwenye paneli ya zamani ya wati 330 na mpya ya wati 440, anataka nizifunge pamoja. (Fundi, Mokowe)

Umegusa penyewe, na wengi wanaoandika habari za ufanisi hawafiki hapo. Seli ya silikoni peke yake inatoa kama miliampia 40 kwa kila sentimita ya mraba. Ukiiwekea perovskaiti juu, mwanga ule ule unagawanywa, kila tabaka linapata kama miliampia 20. Kwa kuwa mkondo mmoja lazima upite kote kuwili, tabaka la juu likitoa 20 na la chini 17, wote wanatoa 17 na ziada inageuka joto. Kazi kubwa ya maabara ni kusawazisha: wanapunguza au kuongeza unene wa perovskaiti, ambao ni karibu nusu maikromita tu, na kubadilisha uwiano wa bromini na iodini ndani yake. Bromini ikiongezeka, tabaka linadai nguvu zaidi na kuachia mwanga mwingi zaidi upite chini.

Shida ni kwamba usawa huo wanaupima chini ya taa moja ya kiwango maalumu, na jua halikai kiwango kimoja. Alfajiri na magharibi mwanga ni mwekundu, tabaka la juu linapata kidogo, seli nzima inashuka. Siku ya mawingu mazito buluu inazidi, zamu ya silikoni kukosa. Ipo njia nyingine: kuyaacha matabaka yasiungane, kila moja likiwa na nyaya zake mbili, jumla nne. Hapo dhaifu hamvuti mwenziwe, lakini kioo kinaongezeka, nyaya zinaongezeka, na lazima kuwe na kifaa cha kuunganisha umeme wa aina mbili. Viwanda vingi vinachagua nyaya mbili kwa sababu paneli inaingia kwenye mfumo uliopo bila kubadilisha chochote. Sisi tunaona ni uamuzi wa busara kwa soko. Kwa hesabu tupu ya yuniti, nyaya nne zina haki yake.

Kwa mteja wako sheria ni ile ile, ila kwa namba kubwa. Paneli ya 330 ya seli 72 hufanya kazi kama volti 37.5 na ampia 8.8. Ya 440 ya kisasa, yenye nusu-seli 108, hufanya kazi kama volti 32.5 na ampia 13.5. Ukizifunga mfululizo, ampia zinabanwa karibu na 8.8, na badala ya wati 770 utapata 630 hivi. Ukizifunga sambamba, volti zitakutana kama 34, kila moja ikiwa pembeni kidogo ya pale inapopenda, nawe utapata zaidi ya 700. Kwa hiyo hizi mbili zifunge sambamba, mradi chaji kontrola ni ya MPPT (inayojitafutia volti zenye wati nyingi zaidi) na inastahimili jumla ya ampia zao. Bora zaidi ya hapo ni kontrola mbili ndogo, kila paneli na yake, zote zikiingia kwenye betri moja.

Paneli mbili sambamba hazihitaji fyuzi katikati. Zikifika tatu, kila moja iwe na fyuzi yake, kwa sababu moja ikipata shoti zile nyingine mbili zinaimwagia ampia zaidi ya uwezo wa nyaya zake. Angalia mgongoni mwa paneli, kiwango cha juu cha fyuzi kimeandikwa. Na usiwahi kuchomoa plagi ya MC4 (ile ya kuunganishia waya za paneli) mzigo ukiwa unavuta: funika paneli kwa blanketi au zima kwanza. Umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja, kama wa sola)  unapokatwa huzalisha mwali usiozimika upesi kama ule wa nyumbani.

Risasi na maji ya birika

Kijijini kwetu Matondoni tunakinga maji ya mvua ya darini na kuyaingiza birikani. Nimesikia hizi paneli mpya zina madini ya risasi. Ni salama kuziweka juu ya maji ya kunywa? Na zinadumu? (Mama wa watoto watano, Matondoni)

Mama, swali lako ni zito kuliko la ufanisi, na tungependa wauzaji waulizwe hilo kwanza. Ni kweli: perovskaiti zote zilizovunja rekodi zina risasi. Kwa unene wa nusu maikromita, mita moja ya mraba inabeba chini ya gramu moja. Paneli za kawaida nazo mara nyingi zina risasi kwenye lehemu ya nyaya zake. Tofauti ni kwamba risasi ya lehemu ni chuma kigumu kisichoyeyuka upesi majini, lakini ile ya perovskaiti ni chumvi, na maji yakiifikia inaachana na kuyeyuka. Kioo kikiwa kizima, mbele na nyuma, na ukingo umezibwa vizuri, hakuna kinachotoka. Kioo kikipasuka kwa nazi au jiwe, paneli hiyo iondolewe siku hiyo hiyo na mfereji wa birika ukatwe mpaka mvua ioshe dari. Kwa sasa, penye dari ya kukinga maji ya kunywa, sisi tungeweka silikoni tupu.

Kuhusu kudumu, hapo ndipo paneli hizi zinapotolewa jasho. Silikoni inauzwa na dhamana ya miaka 25 hadi 30. Perovskaiti ina maadui watatu wanaofanya kazi pamoja: maji, joto na mwanga wenyewe. Unyevu ukipenya ukingoni, fuwele zinavunjika na kubakia unga wa manjano wa iodidi ya risasi. Joto linafukuza sehemu zake nyepesi, ndiyo maana watengenezaji wameingiza sesiamu mahali pa baadhi ya kemikali za asili. Na mwanga mkali unafanya jambo la ajabu: bromini na iodini zilizochanganywa sawasawa zinaanza kujitenga, zikiunda vitone vyenye iodini nyingi vinavyodai nguvu ndogo. Vitone hivyo vinavuta volti ya tabaka zima chini. Kadiri bromini ilivyo nyingi, ndivyo utengano unavyokuwa mbaya, na bromini ndiyo inayohitajika ili tabaka la juu lisawazike na silikoni. Mvutano huo ndio unaokula muda mwingi wa watafiti.

Kipimo cha kawaida cha paneli ni kukaa saa 1,000 kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Ni kipimo kigumu, lakini saa 1,000 ni siku 42, nayo haifanywi na jua likiwaka. Muuzaji akikuonyesha cheti hicho, muulize pia matokeo ya kukaa nje, mahali penye joto na unyevu kama pwani, kwa miaka mingapi.

Paneli ndogo, wati nyingi

Nina duka la barafu Faza. Kijana mmoja ameniletea paneli ya sentimita 67 kwa 47, imeandikwa wati 150, anasema ni ya matabaka mawili ndiyo maana ni ndogo. Nimwamini? (Bi. wa duka la barafu, Faza)

Usimwamini, Bibi. Chukua futi ya fundi: 0.67 mara 0.47 ni mita za mraba 0.315. Jua kamili linaleta wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo juu ya kipande hicho zinaanguka wati 315 tu. Kwa silikoni nzuri ya asilimia 22 utapata 69, na ukitoa fremu na mapengo, 60 hivi. Kwa ile seli ya maabara ya 34.85, wati 110. Hata kikomo cha nadharia cha matabaka mawili, asilimia 45, kingetoa 142. Huyo kijana ameshinda nadharia!

Ukitaka ushahidi wa kumwekea mezani, fanya vipimo viwili saa sita mchana. Kwanza ampia za shoti, kwa njia tuliyomweleza mwanafunzi wa Malindi. Paneli halisi ya wati 150 ya mfumo wa volti 12 ingesoma karibu na 9. Hiyo yako itasoma kama 3.5. (Kwa paneli ambayo lebo yake inazidi ampia 10 usitumie tundu la mita, tumia klampu mita ya DC.) Pili, pima volti bila mzigo, kisha hesabu seli zilizo mfululizo na ugawanye. Silikoni inatoa volti 0.6 hadi 0.7 kwa kila seli. Ya matabaka mawili yenye nyaya mbili inapaswa kutoa 1.8 au zaidi. Ukipata volti 22 kwa seli 36, hiyo ni silikoni tupu, haijalishi lebo inasema nini. Angalizo moja: paneli za kisasa zenye nusu-seli 108 au 144 zimegawanywa makundi mawili sambamba, kwa hiyo gawanya kwa 54 au 72.

Wanunuzi wa Kenya si wageni wa mambo haya. Miaka ya 1990 vijipaneli vya silikoni isiyo na fuwele, wati 12 hivi, vilienea sana nchini kwa sababu vilikuwa rahisi, na ubora wake ulitofautiana mno kati ya kiwanda na kiwanda. Hata vile vizuri vilishuka nguvu miezi ya mwanzo kisha vikatulia. Tabia hiyo ilielezwa na David Staebler na Christopher Wronski mwaka 1977. Viwanda vilipanga matabaka mawili hata matatu membamba ya silikoni hiyo hiyo kupunguza ushukaji. Kwa hiyo neno "matabaka" kwenye lebo si jipya wala si ithibati ya ufanisi: paneli nyingi za aina hiyo hazikufika asilimia 10.

Chumvi kwenye boti

Boti langu la kubeba wageni liko Shela, paneli ziko juu ya chandarua cha kivuli. Kila mwaka plagi zinaliwa na chumvi. Za matabaka mawili zitanisaidia? (Nahodha, Shela)

Nafasi ya boti ni ndogo, kwa hiyo kwako ufanisi una maana kuliko kwa mwenye shamba Mpeketoni. Lakini paneli mpya haitabadilisha kinachokula plagi zako. Tumia MC4 za mtengenezaji mmoja pande zote mbili. Dume la huku na jike la kule huonekana kushikana na bado huacha upenyo. Minya kwa koleo lake, si kwa praizi. Plagi ifunge kwa chini ya paneli ikining'inia kidogo, maji yadondoke badala ya kuingia. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha namba 316, na kati ya bolti na fremu ya alumini weka washa ya nailoni, la sivyo alumini ndiyo itakayoliwa. Suuza paneli kwa maji baridi ya kisima au mvua kila wiki wakati wa kusi. Unaponunua, tafuta cheti cha IEC 61701, ambacho ni cha ukungu wa chumvi.

Setilaiti zinatumia nini?

Naishi Ngomeni, karibu na kituo cha anga. Setilaiti nazo zinatumia paneli hizi? (Msomaji, Ngomeni)

Setilaiti zilitangulia. Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini hapo kwenu tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa ya zama za silikoni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 nyingi zimehamia seli za matabaka matatu: fosfidi ya indiamu na galiamu juu, asenidi ya galiamu katikati, jemaniamu chini. Ufanisi wake ni karibu asilimia 30 na zinastahimili mionzi ya anga. Aina yenye matabaka manne ilifika asilimia 47.6 huko Freiburg, Ujerumani, mwaka 2022, jua likiwa limekusanywa kwa lenzi mara 665. Hazipandi darini kwa sababu ya bei: fuwele hukuzwa polepole, safu kwa safu, ndani ya mitambo ghali. Na zile za lenzi zinataka jua la moja kwa moja lisilo na ukungu, pamoja na mashine ya kulifuata jua siku nzima. Hewa ya pwani yetu haiko hivyo.

Joto na mwelekeo

Paneli za mabati yangu zinachemka. Je, nielekeze wapi? (Msomaji, Mkomani)

Inua paneli sentimita 10 hadi 15 juu ya bati, upepo upite chini. Hewa ikiwa nyuzi 32, seli hufika 60 kwa urahisi, na silikoni ya kawaida hupoteza kama asilimia 0.34 kwa kila nyuzi juu ya 25. Hapo umekwisha kupoteza 12, zaidi ya kile ambacho matabaka mawili yangekuongezea leo. Amu iko karibu nyuzi 2 na robo kusini ya ikweta. Juni saa sita jua liko nyuzi 26 kutoka utosini upande wa kaskazini, Desemba nyuzi 21 upande wa kusini. Inamisha paneli nyuzi 10 kuelekea kaskazini. Mwinamo huo ni wa kusaidia miezi ya kusi yenye mawingu na kuifanya mvua ioshe vumbi. Usizidishe, upepo wa Julai utaing'oa.